Re: Mwezi mzima Hive napata senti tu, niache?
Usiache, ndugu yangu. Mwezi mmoja ni mchache sana kwenye Hive, mtandao wa blogu unaolipa waandishi kwa sarafu ya kidijitali kulingana na kura za wasomaji. Mimi nilianza 2018, enzi za Steem, mtandao uliotangulia, kabla jamii yake haijajitenga Machi 2020 na kuanzisha Hive. Makala yangu ya kwanza niliisubiri siku saba malipo yafunguke: senti tatu za dola!

Kilichonibadilishia mambo ni kuwasoma wenzangu. Mkulima mmoja wa Venezuela alisimulia mihogo yake iliyooza shambani, nami nikamwandikia maoni marefu jinsi kwetu tunavyoianika juani. Kesho yake alikuja kwangu, akaleta na wenzake. Mpaka leo tunasomana.

Halafu funguo zako, yaani nywila ndefu za akaunti, ziandike kwenye daftari, hasa ile kuu. Ukiipoteza, hakuna ofisi ya kukurudishia.