Maharagi yanayobaki chini ya gunia

SWALI: Asalaam alaykum shehe wetu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Majengo hapa Goma. Kila Jumamosi ninajitolea kwenye shirika la kulisha jamaa zenye shida. Tunapima unga, mafuta na maharagi, kila jamaa makopo matano ya maharagi. Hatulipwi. Jioni, yanayobaki tunagawana sisi wapimaji, kila mtu na mfuko wake, na mkubwa wetu hajui ao anajifanya hajui. Kwangu pia kuna njaa. Mume wangu anasukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, siku nyingine anarudi mikono mitupu. Je, ni halali? Na wengi tunaowapa ni Wakristo, nitapata thawabu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, mama yetu.

La mwisho ni jepesi, tulimalize kwanza. Sura Al-Insan, aya ya 8, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, na wafungwa wa Waislamu siku zile walikuwa washirikina. Thawabu unayo. Ila zaka, kwa kauli ya maulamaa walio wengi, hupewa Waislamu, kwa hiyo mtu akikukabidhi zaka yake usiimwage kwenye gunia la wote.

Sasa maharagi. Nami nakuuliza: yanabakije? Niliwahi kusimama kwenye ugawaji mmoja, nikamwona kijana anachota huku kidole gumba kimezama ndani ya kopo. Mama aliyekuwa mbele yake alikuwa ametandika kitenge chake chini, anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Hesabu yake ilikuwa sawa, kopo ndilo halikuwa sawa. Foleni ilipoisha, gunia lilikuwa bado na tumbo. Kama yenu yanabaki hivyo, basi yametoka katika vyungu vya wale wale mliokwenda kuwalisha, na Sura Al-Mutaffifin imeanza na ole kwa ajili ya watu wa kupunja vipimo. Hata mkubwa wenu akiruhusu hayawi halali, kwa sababu si yake.

Huenda lakini yanabaki kwa kuwa jamaa kadhaa hazikufika. Hapo ni amana, na mwenye amri ni shirika. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya akusanye zaka. Aliporudi akasema: hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi ingemfuata. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na nyinyi mngekaa Majengo Jumamosi nzima, nani angewaletea mfuko wa maharagi?

Njaa yako siidharau. Qurani, Sura An-Nisaa aya ya 6, inamruhusu msimamizi wa mali ya yatima, akiwa fukara, ale kwa kadiri inayokubalika. Kwa hiyo mwendee mkubwa wenu, umwambie: na mimi kwangu hakuna chakula. Akiwapangia wapimaji wote fungu linalojulikana, chukueni kwa moyo mweupe. Au aandike jina lako kwenye orodha, usimame foleni kama wengine, upimiwe na mkono usio wako. Najua hilo ni gumu kuliko kubeba mfuko gizani, maana majirani watakuona. Lakini kuonekana na njaa si dhambi.

Usiache kazi hiyo kwa hofu. Mtume amesema kwamba mtunza hazina mwaminifu, anayetoa alichoamriwa kikiwa kamili, kwa roho safi, kwa yule aliyeamriwa ampe, ni mmoja wa watoaji sadaka wawili. Huna hata franka moja ndani ya gunia lile, na bado unahesabiwa mtoaji pamoja na aliyelinunua.

Yaliyokwisha kuliwa, tubu, kisha ukadirie umechukua makopo mangapi. Mwambie mkubwa. Akikusamehe yale ambayo ni haki ya shirika, yamekwisha. Yale yaliyotoka kwenye vipimo vya watu yarudishe kidogo kidogo, kopo moja siku mume wako amepata mzigo, na uyatie kwenye gunia kabla foleni haijaanza.

Wallahu aalam.