Mama anaanguka usiku, na kuhama hataki

SWALI: Mama yetu ana miaka 76, anaishi Muheza na mjukuu wa darasa la sita. Mwaka huu ameanguka mara mbili, zote usiku akitoka kitandani kwenda chooni, na choo kiko nje. Anameza dawa za presha. Kaka zangu wanataka ahamie kwetu Dar. Yeye amekataa katakata. Tufanyeje?
Binti, Temeke

JIBU: Dada, msimhamishe kwanza. Nyumba yake anaijua hata gizani, vigae vya kwenu havijui. Tafuteni kinachomwangusha.

Anayeanguka mara tu anapoinuka, tunashuku presha inashuka ghafla. Kituo cha afya wampime akiwa amelala kwa dakika 5, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, daktari azipitie dawa upya. Kipimo cha kuketi peke yake hakilioni tatizo hili. Bebeni dawa zote, hata za dukani na za mitishamba, na mtaje saa anazozimeza: dawa ya kukojoza ikimezwa jioni itamwamsha usiku kucha. Asiache dawa yoyote kabla ya kumwona daktari.

Muulizeni pia kama anajinyima maji ili asiamke. Wazee wengi hufanya hivyo, na mwili ukikauka presha hushuka zaidi. Kama hajakatazwa kwa sababu ya moyo au figo, anywe ya kutosha mchana na apunguze jioni.

Usiku aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo juu na chini kwa dakika moja hivi, ndipo asimame akiwa ameshika kitu kisichoyumba. Ndoo yenye mfuniko iwekwe chumbani. Safari ya uani gizani haina faida yoyote. Tochi ikae anapoifikia akiwa bado amelala.

Miguu nayo inahitaji kazi. Chukueni kiti kizito cha mbao (cha plastiki huteleza), kiegemee ukuta. Ainuke na kuketi mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, akiongeza taratibu hadi 10. Akishindwa, aongezewe mto wa kukalia au asukume kwa mikono. Wengi hukosea kwenye kuketi: hujibwaga. Ashuke polepole, maana hapo ndipo paja linapofanya kazi. Akisikia kizunguzungu au kifua kikibana, aache.

Mkongojo, kama anautumia, kichwa chake kilingane na kifundo cha mkono akiwa amesimama wima na viatu, na aushike upande usiouma. Chini uwe na raba. Ndala abadilishe kwa viatu vyenye mkanda wa nyuma.

Mjukuu achote maji, ila kufagia, kupika na kwenda gengeni mwachieni bibi mwenyewe. Akianguka tena akagonga kichwa, au akashindwa kukanyagia mguu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema hajambo.