Fosfeti si swichi ya kuwasha: kwa anayeanza kusoma kiunzi cha seli

Mwaka wangu wa kwanza maabara, kila nilipoona protini "imebandikwa fosfeti" nilisoma "imewashwa". Kosa hilo lilinilia miezi.

Aliyenifungua macho ni protini iitwayo kofilini. Kazi yake ni kukatakata nyuzi za aktini, protini inayojenga kiunzi cha seli. Kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti) iitwayo LIMK ikibandika fosfeti kwenye asidi amino yake ya 3, serini, kofilini haiwezi tena kuishika aktini vizuri, basi imezimika. Fosfatasi (kimeng'enya kinachobandua fosfeti) iitwayo Slingshot ikiibandua, makali yanarudi. Sasa geukia mnyororo mwepesi wa miosini (kipande kidogo cha miosini, protini ya kuvuta): huko fosfeti kwenye serini ya 19 ndiyo inayoipa miosini nguvu ya kuvuta nyuzi, hadi mkia wa seli unajikunja na kufuata mbele. Na kinasi ya ROCK inashiriki kote kuwili. Inaiamsha LIMK, inachochea miosini; nyuzi hazikatwi, halafu zinavutwa. Ukiona hivyo, mambo yanaanza kuingia akilini.

Kwa hiyo ukikutana na kinasi yoyote, uliza papo hapo: nani anaibandua fosfeti hii? Vitabu vingi huwapa wabanduaji aya moja tu. Si haki.

Mezani nako wabanduaji hawalali. Siku moja nilisuuza seli, nikaacha sahani nje ya barafu nikaenda kupokea simu. Kwenye western blot (kipimo cha kuonyesha protini kama mistari, au bendi, juu ya utando) bendi ya kofilini yenye fosfeti ikatoka hafifu, nikashangilia kwamba dawa yangu imefanya kazi. Nilipokuja kurudia, hata seli zisizopewa dawa zilikuwa hivyohivyo! Fosfatasi zilikuwa zimejihudumia. Tangu hapo bafa yangu (mmumunyo) ya kupasulia seli ina floridi ya sodiamu na vanadeti, vizuizi vya fosfatasi, kabla sijagusa sahani, na kila kitu kinakaa kwenye barafu. Pima pia kofilini yote, siyo ile yenye fosfeti peke yake. Na utando wa kipimo usiuzibe kwa maziwa (kuuziba ni kuzuia kingamwili zisinate ovyo): kazeini yake imejaa fosfeti na inaweza kukuchafulia picha. Tumia albumini.

Kuna mtego mwingine. Watu hubadilisha serini ya protini kuwa glutameti, asidi amino nyingine, ili kuigiza fosfeti. Inasaidia, ila glutameti ina chaji hasi moja, fosfeti ina karibu mbili. Tena hakuna fosfatasi ya kuiondoa. Seli inayotembea hubandika na kubandua bila kuchoka. Hiyo protini yako ya glutameti umeigandisha upande mmoja.