Mpashe moto kwanza, maziwa baadaye

Juzi saa sita usiku msomaji mmoja wa Jinja kanitumia meseji: "Dada nisaidie, nimeokota watoto wa paka watatu, nimewapa maziwa ya ng'ombe sasa wanaharisha na mmoja amelala tu, halii." Nilikaa kitandani machozi yananitoka, wallahi, maana hiyo meseji ningeweza kuiandika mimi miaka miwili iliyopita.

Wa kwangu walikuwa wanne, ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, kwenye mtaro nyuma ya soko hapa Kawempe, Kampala, mvua imenyesha usiku kucha na macho yao hata hayajafunguka. Nikawafunga kwenye leso, vijana wa boda wananicheka eti mama, hiyo mboga ya leo? Nikafika nyumbani nikachemsha maziwa, nikachukua bomba la sindano, nikamshika yule mweupe, mdogo kuliko wote, baridi kama jiwe la mtoni, nikamlaza chali kama mtoto wa binadamu nikammiminia. Maziwa yakatokea puani, vipovu vidogo vidogo. Alfajiri hakuwepo.

Daktari wa mifugo wa kwanza niliyempigia alinijibu "hao si paka tu?" akakata simu. Sijasahau.

Wa pili ndiye aliyenifungua macho. Mtoto wa paka akiwa baridi tumbo lake halifanyi kazi, hata umpe maziwa ya dhahabu yatakaa humo yanachacha. Kwa hiyo joto kwanza: chupa ya maji moto, uifunge kwa taulo, boksi, nguo kuukuu, na umwachie nafasi ya kusogea pembeni akiona joto limezidi. Akishapata moto ndio unamlisha, tena akiwa amelala kwa tumbo, vile angenyonya kwa mama yake, kichwa kimeinuka kidogo tu. Narudia kwa herufi kubwa, SIO CHALI. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha, tafuta ya unga ya watoto wa paka kwenye maduka ya dawa za mifugo, ni ghali najua, ya mbuzi yatakusogeza siku moja mbili tu wakati unatafuta. Wiki za mwanzo ni kila saa mbili tatu, usiku na mchana, na baada ya kula unampangusa huko nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ndio akojoe, peke yake hawezi.

Na uwapime kila siku. Jirani yangu anayeoka keki aliniazima mizani yake, siku ya kuirudisha akakataa kuipokea, basi ikawa yangu hehe. Mmoja akiongeza gramu 10 kwa siku nalala vizuri, asipoongeza silali. Wiki ya nne wakaanza kuramba ini la kuku nililolisaga na yale maziwa yao, dawa ya minyoo wakapewa kliniki, na watatu wote wakapona. Watatu! Leo hao vijana wa boda wananiuliza kama nina paka wa kuwapa, stoo zao zina panya.

Hapo ndipo hasira zinanipanda. Paka mnamtaka akamate panya, akizaa mnatupa wanawe kwenye mtaro, alafu Jumapili tuko mstari wa mbele kanisani. Mpelekeni afungwe uzazi jamani. Ukishindwa, angalau usimwondoe mama yao, maana hakuna maziwa ya duka yanayofikia ya kwake, na ukikuta watoto peke yao mahali pakavu subiri kwa mbali kwanza, huenda ameenda kutafuta chakula.

Yule wa Jinja nilikaa naye kwenye simu mpaka saa tisa, tunachemsha maji pamoja. Asubuhi kanitumia voisi ya sekunde chache, haongei, ni watoto wa paka wawili wanapiga kelele za njaa. Wa tatu sijamuuliza.