Misuli inauma siku ya pili, nifanyeje? Kocha anajibu

Haya wapendwa, wiki hii karibu maswali yote mliyonitumia ni ya misuli kuuma baada ya mazoezi, kwaiyo nayajibu moja moja.

*Shikamoo kocha. Jumamosi tulishuka kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Soni. Jumapili niliamka na uchovu tu, Jumatatu ndo balaa, hata choo cha kuchuchumaa nashindwa. Nimeumia? Kijana wa Chumbageni.*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hujaumia, ni mteremko huo. Ukipanda mlima kinacholalamika ni pumzi, ila ukishuka mapaja ndo yanakuwa breki, kila hatua msuli unakaza huku unavutwa, sa nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo huko ndani, alafu mwili unaanza kukarabati na ndo maumivu yanapoanzia. Ndo maana hayaji palepale, yanakuja kesho yake na yanakolea siku ya pili au ya tatu, baada ya hapo yanaisha yenyewe. Wale wanaokwambia ni asidi imejaa kwenye misuli wamekosea, ile inaondoka ndani ya saa moja hivi ukishapumzika. Na nikwambie kitu cha kukupa moyo, ukirudia njia ileile baada ya wiki mbili hutaumia hivi, msuli ukishapita huko mara moja unakuwa umezoea.

*Kocha, nilale mpaka maumivu yaishe?*

Usilale kaka. Asubuhi unashuka kitandani umeshika ukuta, sawa, lakini jitahidi utembee taratibu dakika 20, au chukua baiskeli uzunguke nayo mtaani, sisi watu wa Tanga hatukosi baiskeli ya kuazima. Utaona baada ya dakika chache miguu inalainika. Jioni nenda Raskazone uingie majini usimame maji ya kiunoni utembee tembee humo, mwili unakuwa mwepesi na misuli haibebi uzito wote. Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, pamoja na kukimbia uache mpaka maumivu yapungue.

*Mama anataka anikande na maji ya moto anichue na mafuta ya nazi, rafiki yangu anasema barafu. Nimsikilize nani? Binti wa Makorora.*

Kama ni misuli tu imechoka mwache mama akukande mwanangu, vyote viwili vinapoza maumivu kwa muda na hakuna kinachoharakisha kupona. Mafuta hayaingii kwenye msuli, kazi yake ni mkono uteleze, kwaiyo ya nazi yanatosha kabisa usiende kununua ya bei mbaya. Mwambie tu achue kwa mkono mwepesi, asibinye kama anakanda unga wa chapati maana hapo anakuongezea. Ila kama ulitegua mguu na umevimba leo leo, hapo hakuna maji ya moto wala kuchua, weka barafu uliyoifunga kwenye kitambaa dakika 15, toa, pumzisha mguu. Nimeona watu wengi wanachuliwa kifundo kibichi na kesho yake kimekuwa mara mbili, inaniuma sana.

*Kila nikitoka jimu nameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kuna shida?*

Ipo. Unameza tumbo likiwa tupu, umetoka jasho, maji hujanywa, hapo tumbo na figo ndo vinaumia. Acha hiyo tabia. Kula vizuri, dagaa, maharage, mayai, na ulale usiku wa kutosha.

*Nilipiga skwati 300 siku ya kwanza, sasa mapaja yamevimba magumu na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Ninywe nini?*

Kaka usikae kusubiri dawa yangu. Huo mkojo maana yake msuli umevunjika sana na mabaki yake yanapita kwenye figo, yanaweza kuziharibu. Nenda Bombo sasa hivi, au hospitali iliyo karibu yako, na waambie hivyohivyo ulivyoniandikia, idadi ya skwati na rangi ya mkojo.