Kuhusu ile karatasi ya sahihi

Mwanangu Rehema,

Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, na paa la jikoni nalo limeanza visa vyake.

Umeniuliza kama utie sahihi kwenye karatasi ya wenzio wanaotaka chuo chenu cha miaka miwili hapo Houston kiwe na vyama vya herufi za Kigiriki kama vyuo vikuu: fraterniti za wavulana, sororiti za wasichana. Mimi nisingetia.

Si kwamba vyote ni vya ulevi. Sororiti ya Alpha Kappa Alpha ilianzishwa na wasichana weusi pale Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, na Kamala Harris ni mwanachama.

Ila nilipoingia kidato cha kwanza, njuka wa kwelikweli, dada mmoja wa kidato cha pili alinipimisha uwanja wa netiboli kwa njiti ya kiberiti. Nikapoteza hesabu, akanirudisha mwanzo. Dada huyo ndiye unayemwita leo Mama Mkubwa Zuhura. Hatuna damu moja. Tulilala bweni moja miaka mitatu, ndoo ya maji moja, na nilipougua malaria ndiye aliyenifulia. Undugu wetu ulitoka kwenye ndoo, wala si kwenye njiti.

Ninyi mna ndoo gani? Kipindi kikiisha wewe unakimbilia basi la kazini, mwenzio anamfuata mtoto wake kwa mlezi. Bweni hamna. Mkianza kuzoeana, wengine wameshahama. Mtabaki na ada, fulana na njiti. Na njiti za huko zimeua vijana, hadi Desemba 2024 ikasainiwa sheria ya kuvilazimisha vyuo kutangaza matukio ya wanachama wapya kunyanyaswa.

Ukitaka chama, ulizia Phi Theta Kappa. Herufi ni hizo hizo za Kigiriki, ila kilianzia Missouri mwaka 1918 kwa ajili ya vyuo kama chenu, na mlango wake ni alama: kwa kawaida wastani wa 3.5 kati ya 4. Vyuo vikuu vingi hutenga ufadhili kwa wanachama wake wanaohamia. (Hisabati ile, mama, ishughulikie.)

Ukishahamia chuo kikuu na kukaa bwenini, niulize tena habari ya sororiti. Huenda nikajibu vingine.

Najua unachotafuta ni watu. Uliniambia Jumapili unakula peke yako, simu mbele ya sahani. Yule binti Mkenya wa darasa la uhasibu anayekupa lifti, ameshaonja pilau yako?

Mama yako