Kikombe Kimoja kwa Mwezi Mzima

Mhariri,

Swali lenu la wiki liliwataka wasomaji waeleze iwapo kujipa jukumu la kuchora kwa rangi za maji kila siku, kwa mwezi mzima, humjenga mchoraji au humchosha tu. Nililibeba jukumu hilo Julai iliyopita, mwezi ambao tangu mwaka 2016 wapenzi wa sanaa hii katika nchi nyingi huuadhimisha kuwa mwezi wa rangi za maji duniani. Jibu langu ni kwamba humjenga, ila kwa sharti moja ambalo sijalisikia likitajwa mara nyingi: asikibadilishe kitu anachokichora.

Desturi iliyoenea ni kufuata orodha ya mada, leo ndege, kesho mlango, keshokutwa mawingu. Mwaka uliotangulia niliifuata nikaishia njiani, kwa kuwa kila jioni nguvu zangu zilimalizikia kwenye penseli, nikilitafuta umbo la kitu kigeni, na rangi ikaambulia dakika chache za mwisho. Safari hii nilichagua kikombe cheupe kisicho na nakshi, nikakiweka dirishani, na karatasi zote nikazikata mapema kwa kipimo cha kiganja. Kufikia siku ya tano umbo lake nilikuwa nalo kwa ghaibu, na kilichobaki kunisumbua kilikuwa maji.

Hapo ndipo penye somo lenyewe. Rangi ya maji ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi ya miti ya jamii ya migunga, na maji ndiyo yanayoubeba unga huo na kuamua utue wapi. Karatasi ikiwa bado inang'aa kwa maji, rangi husambaa yenyewe na kingo zake hulainika. Ikiwa imekauka kabisa, mpaka wa rangi hubaki mkali. Hatari imo katikati, pale mng'ao unapotoweka ilhali karatasi bado ni baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, kwa maana brashi yenye maji mengi ikipita wakati huo huisukuma rangi iliyokwisha kuanza kutulia, ikaacha doa lenye kingo za meno kama jani. Michoro yangu ya siku 12 za mwanzo, karibu yote, ina doa hilo ubavuni mwa kikombe. Muda wa kusubiri hauwezi kuandikwa kwenye kitabu, kwa sababu hubadilika kufuatana na joto, upepo na unene wa karatasi, na ndiyo maana naamini hakuna njia ya kuujua isipokuwa kukirudia kitu kilekile.

Weupe nao ulinidai umakini. Katika sanaa hii weupe ni karatasi yenyewe, hivyo mchoraji hutangulia kuamua mahali ambapo brashi haitagusa. Kivuli nilikipata kwa kuchanganya bluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, yaani rangi ya kahawia yenye wekundu, nikikikoleza kuliko nilivyokiona, kwa kuwa rangi hizi hufifia zinapokauka.

Kuhusu vifaa nitasema moja tu: mtu abane matumizi kwenye rangi, asibane kwenye karatasi. Rangi tatu zinatosha, lakini karatasi iliyo chini ya gramu 300 kwa mita ya mraba hufanya mawimbi ikilowa, na maji hutuama kwenye mabonde yake.

Siku ya 19 na ya 20 niliugua, sikuchora, na sikuzifidia. Naona anayefidia huigeuza kazi hii kuwa deni, na deni ndilo linalowafanya wengi waache.

Uchovu mlioutaja katika swali lenu ni wa kweli, nami ulinifika katika juma la tatu. Nilikuwa nimeshakichoka kikombe kiasi kwamba sikuwa na haraka nacho tena, nikakitazama bila kushika brashi. Siku ya 24, chini kabisa ya upande wenye kivuli, niliona mstari mwembamba wa rangi ya chungwa, mwanga uliogonga ubao wa dirisha ukarudi juu. Niliitandaza sakafuni michoro 21 iliyotangulia nikaikagua mmoja mmoja, na hapakuwa na hata mmoja wenye mstari huo.